Pointi Mbili Zisizorudi

Kwamsisi,
12 Juni 2023

Mke mwenzangu Yusra,

Salamu zikufikie huko Korogwe kwenye raha zako. Mimi mzima. Mgongo ndio unanisumbua, na hilo hukuuliza.

Nakuandikia kwa mkono wangu. Ile simu uliyoniletea nimempa jirani Mwanaisha. Simu ya nini? Ukiongea, nyumba nzima inasikia, na ukikata maneno yamepotea. Barua nitaisoma nikiwa na hasira, nitairudia zikipoa, na hutaweza kukana ulichosema. Sikwenda kisomo cha watu wazima, mtu mzima mimi, nikarekebishwa herufi na vijana wasio na ndevu, ili nije kushika kitu cha kupigia kelele. Majibu mpe Ramadhan wa pikipiki. Kila gulio yuko njiani.

Sasa sikiliza. Mume wangu Mustapha kaja Jumapili, jezi ya Chanika begani, anacheka hadi magego yanaonekana. Anasema wamewafunga watu wa Ngombezi kwenye huo mpira wenu wa kutumbukiza kapuni, na zile mbili za mwisho katumbukiza yeye. Nimemchinjia jogoo. Majirani wamekula na mimi nimejigamba, sikufichi. Wajukuu niliowalea ni wawili: mmoja anacheza, mwingine anapuliza filimbi wanaume wazima wanasimama. Nani mwingine hapa Kwamsisi anao wa namna hiyo?

Lakini Mustapha anasema mchezo ulipokwisha uliondoka, hukumpa hata mkono. Na kwangu hukufika. Tangu lini jogoo anachinjwa hapa na wewe haupo? Yule ni mtoto wa mjomba wako, mmelala mkeka mmoja, surua mmeugua pamoja. Kama filimbi imekupa kiburi, niambie mapema nikitoe.

Na unieleze, hizo mbili za mwisho zilikuwaje? Mustapha anasema alisimama peke yake, hakuna wa kumzuia, akatupa tu. Mchezo gani huo mtu anaachiwa? Nilipomuuliza zaidi akageukia sufuria.

Bibi yako,
Mwantumu binti Rehani

*

Korogwe,
19 Juni 2023

Bibi, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Pole na mgongo. Nimempa Ramadhan dawa ya kuchua, umwambie Mwanaisha akupake jioni, usijikunje kujipaka mwenyewe.

Sikuja kwa sababu ya kazi. Hapa dukani shule zinaagiza madaftari na chaki, sipati nafasi. Mustapha mpe hongera zangu.

Ile inaitwa mitupo huru, Bibi. Mchezaji akichezewa faulo wakati anatupa kapuni, anaachiwa atupe bila kuzuiwa. Kila mtupo ukiingia ni pointi moja. Refa ndiye anayempa mpira mkononi. Ila anayetupa lazima awe yule yule aliyechezewa faulo, siyo mwingine.

Usimuulize sana Mustapha mambo ya mchezo. Mwache apumzike.

Mjukuu wako,
Yusra

*

Kwamsisi,
24 Juni 2023

Yusra,

Dawa ya kuchua nimeipata. Usiniandikie tena habari za dawa.

Leo nimekwenda gulioni kununua kamba ya kufungia mbuzi wa Idd. Muuzaji katoka Ngombezi, kamba zake za katani. Kuniuliza natoka ukoo gani, nikamtajia, akaacha kupima. Akasema, "Kumbe wewe ndiye bibi yake yule refa! Mjukuu wako katuibia, mama. Kawapa ndugu zake pointi ambazo si zao. Kaambiwa, kacheka."

Nikamwambia, "Baba, hizo kamba zako zinakatika kabla mbuzi hajavuta, na bado una mdomo wa kusema wizi?" Watu wakacheka, nikaondoka nimenyoosha shingo. Lakini njiani shingo iliniuma.

Kacheka. Hilo neno limenikaa hapa kifuani. Mwizi nimemwona, na aliyekosea nimemwona. Anayemkosea mtu halafu akamcheka, huyo sikumlea mimi.

Na huyo bwana anasema umeitwa kwenye kamati, watakunyang'anya filimbi. Ni kweli? Mimi habari za mtoto wangu nazipata gulioni kama bei ya dagaa?

Niandikie. Na uandike yote. Nitajua usipoandika yote.

Mwantumu

*

Korogwe,
3 Julai 2023

Bibi yangu, shikamoo.

Nisamehe kwa Idd. Nilifika mpaka stendi na mfuko wangu, nikarudi. Sikujua ningekaaje mbele yako.

Ni kweli nimeitwa. Ngombezi wameandika malalamiko kwamba niliona kosa nikanyamaza kwa sababu Mustapha ni ndugu yangu. Kamati ya waamuzi inakaa Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Wakiamini hivyo, filimbi sitaishika tena, si hapa wala popote.

Ilikuwa hivi. Mchezo unakaribia kwisha, Ngombezi wako mbele kwa pointi moja. Filemoni wa Chanika, yule mrefu, akachezewa faulo. Mitupo miwili. Mimi ndiye niliyekuwa na mpira chini ya kikapu, nikampa aliyesimama kwenye mstari. Hakuwa Filemoni. Alikuwa Mustapha. Akatupa, zote zikaingia. Nilichanganya namba za jezi tu, Bibi, kosa ni langu. Mustapha naye pengine alichanganyikiwa, kelele zilikuwa nyingi.

Kosa la namna hiyo linarekebishika. Refa akiligundua anafuta zile pointi, wapinzani wanapewa mpira, mchezo unaendelea. Ila lina mlango wake. Saa inaanza kutembea, watu wanacheza, halafu mpira unasimama kwa mara ya kwanza. Pale uliposimama ndipo pa kugundua. Ukishampa mchezaji mpira mkononi aurushe ndani, mlango umefungwa. Hata dunia nzima ijue kwamba pointi si halali, zinabaki.

Mpira ulisimama, Bibi. Ulitoka nje upande wangu, nikaufuata. Na pale mezani Obadia akagonga rimu. Huyu Obadia ni Msambaa, ndiye anayeandika pointi. Honi yao mbovu, kwa hiyo wametundika rimu ya gari, wanaigonga kwa chuma. Akagonga, akapunga mkono, "Mzigua! Wee Mzigua, angalia!"

Watani unawajua. Tangu asubuhi alikuwa ananichokoza. "Mzigua, hiyo filimbi si ya kufukuzia nguruwe kwenye mahindi!" Na mimi namjibu, "Msambaa, shuka mlimani kwanza ndiyo useme!" Nilipoteleza nikaanguka aliigonga rimu hiyo hiyo, uwanja mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Kwa hiyo alipogonga tena nikajua ni yale yale. Nikacheka. Nikampa mchezaji wa Ngombezi mpira.

Mlango ukafungwa hapo, kwa mkono wangu mwenyewe.

Mpira uliposimama tena, Mzee Richard, refa mkuu, akaenda mezani. Aliporudi uso wake ulikuwa mwingine. Akaniambia, "Obadia hakuwa anakutania, Yusra. Na sasa imepita." Hakuna aliyefunga tena. Chanika wakashinda kwa pointi moja.

Kwa hiyo huyo muuza kamba hakusema uongo. Nilicheka.

Yusra

*

Kwamsisi,
8 Julai 2023

Yusra,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Halafu nikaiweka chini ya mto nikamwita Mustapha.

"Mustapha pengine alichanganyikiwa." Mustapha huyu? Mtoto anayejua mbuzi wa kijiji kizima kwa mlio, asahau kwamba yeye si Filemoni? Unanidanganya mimi niliyewafunga nepi wote wawili?

Nikamwambia, "Mume wangu, kaa." Akakaa.

"Aliyechezewa faulo ni nani?"

"Filemoni, bibi."

"Na wewe pale mstarini ulikwenda kutafuta nini?"

"Filemoni huwa anakosa. Mikono yake mizito. Nikamwambia asogee."

"Yusra alijua?"

Anachora chini kwa kidole.

"Nakuuliza, alijua?"

"Hakujua. Mchezo mzima hakuniangalia usoni. Nilijua hataniangalia."

Nilijua hataniangalia! Na jogoo wangu kaliwa kwa ajili hiyo. Nilivyokasirika nilikosa hata tusi. Nilimwambia tu atoke aende kuchota maji, na tangi lilikuwa limejaa, na alikwenda.

Nawe usidhani nimekusahau. Kwanza, kiburi gani hicho cha kutomtazama ndugu yako usoni? Pili, umenificha. Unambebea mtu mzima mzigo wake, kesho atakupa na mwingine. Tatu, huo utani. Sikukatazi utani. Tulipomzika babu yako Wasambaa waliruka kaburini, wakasema hawatoki hadi wapewe kuku, na mimi na uchungu wangu wote nikacheka. Ndiyo kazi yao. Lakini mmoja wao angesema, "Jamani, humu mna nyoka," tungekimbia wote, hakuna ambaye angebaki kuuliza kama anatania. Mtani akiita, unageuka kwanza unamtazama macho. Ukishamwona macho ndiyo ucheke.

Na sheria yenu hiyo ya mlango siipendi, ila naielewa. Chumvi ikizidi kwenye mboga na watu wameshakula, siwezi kuingiza mkono matumboni mwao. Lakini naweza kusema, jamani, chumvi niliizidisha mimi. Hakuna sheria ya kunizuia hilo. Sasa Mustapha atakuja kusema. Hataki, lakini atakuja.

Nakuja naye. Usitayarishe chochote. Tayarisha kiti, mgongo wangu haupendi benchi.

Mwantumu binti Rehani

*

Korogwe,
18 Julai 2023

Bibi, shikamoo.

Natumaini mlifika salama. Hapa mjini watu bado wananiuliza yule bibi ni nani. Mwenyekiti alipokuuliza, "Bibi, na wewe umekuja kama nani?" ukamjibu, "Kama mtu mzima aliyesimama mbele ya vijana waliokaa," katibu alishindwa kuandika. Ameniambia mwenyewe.

Uamuzi umetoka jana. Pointi zinabaki na ushindi unabaki wa Chanika, kwa sababu sheria ndivyo inavyosema. Mustapha hatacheza mpaka msimu uishe. Mimi wamesema sikupendelea, ila niliidharau meza. Kwa hiyo nitakaa mezani na Obadia kujifunza kuandika pointi, halafu watanipa mechi moja wanitazame.

Mustapha alipokwisha kukiri, nanyi mkatoka nje, Obadia alisimama, akawaambia yeye ndiye aliyeifanya rimu kuwa mchezo, mpaka siku ya kazi ikakosa maana. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kuhusu kumtazama Mustapha. Hakikuwa kiburi, Bibi. Mzee Richard nilimweleza mapema kwamba yule ni ndugu yangu, akasema refa mwingine hakuna. Nikajiambia nikimwangalia usoni nitamwona mtoto niliyembeba mgongoni, nitamhurumia. Kwa hiyo nikawa naangalia viatu vyake. Habari ya namba za jezi ilikuwa uongo, sikuziangalia kabisa. Niliogopa kumpendelea mpaka nikashindwa kumwona.

Siku hiyo ya kamati Mustapha alinisubiri nje. Alinibebea mkoba mpaka kwenye kona ya kwetu, akanipa, akarudi kwako.

Wamenisafisha, lakini sijioni msafi. Ngombezi walishindwa mchezo waliostahili kushinda, na hakuna wa kuwarudishia. Kila nikifikiria kusimama tena katikati ya uwanja, nasikia "kacheka". Nadhani filimbi niwaachie. Dukani kazi ipo.

Yusra

*

Kwamsisi,
23 Julai 2023

Yusra,

Leo sina maneno mengi, mahindi yananisubiri.

Kwamba hukuwa na kiburi nimesikia. Nilikusema kwa jambo usilolifanya. Hayo yamekwisha.

Filimbi utaiachia siku miguu ikichoka. Kwa haya hutaiachia. Ukiiacha leo, watu wa Ngombezi watabaki wanamjua Yusra mmoja tu, yule aliyecheka. Unataka wabaki na huyo?

Fanya unavyotaka. Lakini nilikuuliza.

Bibi yako

*

Korogwe,
29 Septemba 2023

Bibi, shikamoo.

Wamenipa ile mechi. Ngombezi wanacheza na timu moja ya hapa mjini, na watacheza kwao, karibu na kambi za wafanyakazi wa mkonge. Mzee Richard aliniuliza kama nasubiri nyingine iliyo rahisi. Nikamwambia nitachezesha hiyo.

Tafadhali usije. Watu wana hasira na mimi, watasema maneno, sitaki uyasikie.

Yusra

*

Kwamsisi,
9 Oktoba 2023

Mjukuu wangu Yusra,

Nilikuja.

Hukuniona kwa sababu nilijifunika kanga mpaka kwenye nyusi, nikakaa na wanawake wa kambini upande wa jua. Mustapha alinileta, nikamwacha nyuma kwenye miti, nikamwambia akitoa sauti nitamkana. Hatukukusubiri kwa sababu gari la mwisho lilikuwa linaondoka. Usinune.

Nilikaa na mama mmoja, Agripina, anafanya kazi kiwandani, vidole vyake vimechanika kwa mkonge. Hakunijua. Akawa ananieleza mchezo kama anavyoelezwa mtoto, na mimi nikamwacha anieleze. Watu walikuwa wanakusema tangu mwanzo. "Ndiye yule yule wa Chanika. Mwangalieni mkono." Nawe unakimbia tu, unapuliza. Mchezaji akikujia unamtazama usoni. Hilo nililiona.

Halafu kijana wao mmoja akasukumwa, ukampa hiyo mitupo miwili ya bure. Akaingiza zote. Watu waliruka, Agripina akanikumbatia, na mimi nikamkumbatia, ningefanyaje? Wakacheza kidogo, mpira ukatoka nje upande wetu, karibu kabisa na miguu yangu. Ukaja kuuchukua. Kijana wa kuurusha alikuwa ameshanyoosha mikono.

Hukumpa.

Ulisimama umeubana ubavuni kama mtu aliyekumbuka moto jikoni. Nikasema moyoni, mpe mpira, mtoto wewe, mpe yaishe. Kwa sababu niliona. Sijui sheria zenu, lakini nilikuona uso, nikajua umekosea na umejua umekosea, na kwamba hapo hakuna mwingine aliyejua. Mezani walikuwa wameinama. Hakuna aliyekuita. Ungempa tu, mlango ungefungwa, na Ngombezi wote wangekupenda.

Ukaenda mezani. Mkaangalia karatasi. Ukarudi katikati ukapunga mikono, zile mbili hazipo.

Agripina akakaa chini kama aliyepigwa. Akanieleza kwamba faulo za wale wengine zilikuwa bado hazijafika idadi ya kuadhibiwa kwa mitupo, kwa hiyo hukutakiwa kuwapa. "Ni kweli," akasema, "lakini angenyamaza." Nami nikasema ndiyo, angenyamaza. Nilitaka nione atasema nini. Akafikiri, akasema, "Alinyamaza siku ile, na leo angenyamaza tena, tungemwita nani?"

Lakini wengine hawakufikiri. Walipiga kelele mpaka wewe mwenyewe uligeuka. Bwana mmoja nyuma yetu, mnene, ana kofia ya mkonge, akasimama akamtukana mama yako. Tusi lenyewe siliandiki, karatasi hii itapita mikononi mwa Ramadhan.

Mgongo wangu unavyouma unaujua. Sikumbuki nilivyosimama. Nilivua kanga kichwani, nikamgeukia, nikamwambia, "Mama yake yuko ardhini Kwamsisi, amemwacha huyu ananyonya, mwache apumzike. Aliyemlea ni mimi. Nimekaa hapa mbele yako tangu mchana. Haya, baba, anza upya, nitukane mimi."

Wewe ulikuwa umeshapuliza, mchezo unaendelea, hukujua lolote.

Usidhani nakusifu. Ulikosea kwanza, ndiyo maana ukawa na cha kurekebisha. Siku nyingine hesabu mapema.

Yule bwana hakunitukana. Alikaa, akavua kofia, akawa anaishika tu magotini. Wanawake walisogea kunipa nafasi. Agripina akanishika kiwiko, akanikalisha, akaniuliza kama tangu nitoke Kwamsisi nimekula.

Nikamwambia sijala.

Ni mimi bibi yako,
Mwantumu binti Rehani